Rupia ya Marehemu Babu



Katika lugha yetu neno feza lina maana mbili. Ni jina la madini meupe ambayo mafundi hufulia pete na vikombe. Tena ni jina la kile tunacholipia chumvi, nguo na masomo ya watoto. Zamani mambo hayo mawili yalikuwa kitu kimoja, kwani mtu aliyeshika sarafu alishika madini yenyewe. Siku hizi yametengana, na wengi walio na sarafu ya kale nyumbani hawajui tena wameshika kitu gani: madini, mali, ao ukumbusho. Barua tuliyoipata mwezi uliopita yauliza jambo hilo. Twaijibu hapa mbele ya wote, kwa sababu twajua kwamba nyumba nyingi za kando ya ziwa zina mkebe wenye kitu kama hicho.

Mwenye barua ni mama mjane, mkaaji wa pwani ya Ziwa Tanganyika upande wetu wa Kongo. Atueleza kwamba babu wa marehemu mume wake alikwenda Tabora wakati wa vita ya 1916, akarudi na sarafu moja ya feza. Hakuitumia. Mwanawe akairithi, na mjukuu wake vilevile. Leo imo katika mkebe pamoja na vyeti vya ubatizo. Mwaka huu mtoto wa kwanza wa mama huyo, anayekaa mjini, aliona katika simu yake sarafu ya namna hiyohiyo, imefungwa ndani ya kasha la plastiki lenye namba, nayo ikiombewa bei ya kushangaza. Akawaita wadogo zake, akasema: « Tuipeleke Ulaya kwa mabingwa. Wataipima, wataipa namba yake, kisha tutaiuza. » Gharama alizihesabu kuwa dola 160. Watoto wa nyumba hiyo ni wanne. Basi kila mmoja alitakiwa kutoa dola 40.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Mtoto wa mwisho ni binti aliye katika mwaka wa sita wa sekondari, anayengoja mtihani wa serikali. Hana kazi, fungu lake ni mama atakayelitoa. Na mama hana feza nyingine ila ile aliyoiweka akiba kwa ajili ya mtihani huohuo. Ndugu wawili wamekwisha kununiana. Mama atuuliza: « Nikikataa, mwanangu atasema nimemnyima bahati. Nikikubali, na sarafu ikawa bure, binti yangu atabaki nyumbani. Nifanye nini? »

Hatukutaka kujibu bila kuona. Tulimwomba mama aje na sarafu yake, naye akaja Jumamosi moja pamoja na yule kijana na yule binti.

Sarafu hii yatoka wapi?

Wadachi walipoitawala nchi ya ng'ambo ya ziwa, ambayo leo ni Tanzania bara, Rwanda na Burundi, walikuta watu wa pwani wamezoea rupia ya Uhindi. Basi tangu mwaka wa 1890 kampuni yao ya biashara ilitoa rupia yake yenyewe. Upande mmoja ilikuwa na kichwa cha Kaisari Wilhelm wa Pili, amevaa kofia ya chuma yenye tai juu yake. Upande wa pili palikuwa na simba mbele ya mti kama mnazi. Tangu mwaka wa 1904 sarafu hizo zilitoka kwa jina la nchi yenyewe, na rupia ikagawanywa katika hela 100, badala ya pesa 64 za kwanza. Mwanafunzi asikie vema: neno hela, ambalo ndugu zetu wa Tanzania hulitamka kila siku sokoni, latokana na sarafu ndogo ile ya Wadachi.

Rupia moja ina uzito wa gramu 11.66 na upana wa milimeta 30 na nusu. Katika sehemu 1,000 za madini yake, 917 ni feza safi na nyingine ni shaba. Katika zile za tangu 1904 utaona pia herufi moja ndogo: A ni alama ya Berlin, J ni alama ya Hamburg, ndiyo miji zilikochapwa.

Tarehe 19 Septemba 1916 askari wa Force Publique waliotoka Kongo waliingia Tabora. Pamoja nao walikuwako wapagazi maelfu kwa maelfu, waliobeba risasi, unga na wagonjwa, na wengi wao hawakurudi kwao. Kwa hiyo si ajabu hata kidogo rupia ya Wadachi kuonekana leo katika nyumba za Moba, Kalemie, Baraka ao Uvira. Habari ya jamaa hii yaweza kuwa kweli tupu. Walakini ukweli wa habari ni jambo moja, na bei ya sarafu sokoni ni jambo lingine.

Mabingwa hufanya kazi gani?

Mwaka wa 1949 Mmarekani mmoja, William Sheldon, alitunga kipimo cha kuanzia 1 hata 70 kwa ajili ya senti kubwa za shaba za nchi yake. Moja ni sarafu iliyolika hata yatambulikana kwa shida. Sabini ni ile isiyo na dosari yoyote. Kuanzia 60 ni zile ambazo hazikupita mikononi mwa watu sokoni. Kipimo hicho baadaye kikatumiwa kwa sarafu za kila namna. Zikaanzishwa kampuni za kazi hiyo, na zinazojulikana zaidi ni mbili, zote za Marekani: PCGS ya mwaka wa 1986, na NGC ya mwaka wa 1987.

Mtu hutuma sarafu yake na malipo. Mabingwa huitazama, huamua kwanza kama ni ya kweli ao ya kuiga, kisha kama haikuharibiwa, kisha daraja lake. Mwishowe huifunga katika kasha gumu la plastiki pamoja na karatasi yenye namba. Kasha hilo haliongezi hata chembe moja ya feza. Faida yake ni hii tu: mnunuzi aliye mbali, asiyeweza kuishika sarafu mkononi mwake, huliamini neno la mabingwa, na kwa imani hiyo hukubali kulipa zaidi. Anayelipia kasha ananunua uaminifu. Basi sharti ajiulize kwanza: je, sarafu yangu ina jambo lolote zuri ambalo mnunuzi angetaka kuhakikishiwa?

Tena mabingwa hao wana sheria moja ngumu. Sarafu iliyosuguliwa, iliyotobolewa, iliyolehemiwa kipete cha kuvalia shingoni, ao iliyokwaruzwa vibaya, haipewi namba ya kawaida. Huandikiwa kwamba ni ya kweli, na kosa lake hutajwa waziwazi juu ya kasha, mnunuzi apate kulisoma. Nawe malipo yako hurudishiwi.

Tulivyoitazama

Kijana aliifungua leso, akaiweka sarafu mezani. Ilikuwa rupia ya mwaka wa 1905 yenye herufi J. Yote ilimetameta kama kijiko kipya, na kijana mwenyewe alikuwa na furaha kuionyesha.

Kwanza tuliipima. Mnunuzi mmoja wa dhahabu, jirani yetu, alitukopesha mizani yake midogo. Tukapata gramu 11.4. Upungufu huo ni mdogo, nao wafaa kwa sarafu iliyolika. Pili tuliijaribu kwa sumaku, nayo haikuvutwa. Tatu tuliifunga uzi mwembamba, tukaitundika kwenye mizani hali imezama katika kikombe cha maji, isiguse chini. Ninyi wanafunzi mwakumbuka somo la Archimedes: kitu kilichozama hupungukiwa uzito sawasawa na uzito wa maji kiliyoyasukuma. Feza ya namna hii ni nzito kuliko maji mara 10 na zaidi kidogo. Basi gramu 11.4 zapaswa kupungua kwa gramu 1.1 hivi, nasi ndivyo tulivyopata. Kama ingalikuwa shaba iliyopakwa weupe, ingalipungua kwa gramu 1.3 hivi. Majaribio hayo hayashindi jicho la bingwa, lakini yatosha kuondoa vitu vingi vya uongo, wala hayagharimu kitu.

Tulimwambia mama: « Twaona kwamba ni ya kweli. » Alishukuru, na kijana akawatazama wenzake kama mtu aliyeshinda.

Nne tuliipeleka dirishani, tukaishika kwa ukingo, tukaigeuzageuza polepole katika mwanga wa jua. Hapo mambo yalibadilika. Sehemu zilizoinuka ndizo hulika kwanza, na kwa hiyo ndizo za kutazamwa kwanza. Mabawa ya tai yalikuwa yamekuwa donge moja. Masharubu ya Kaisari, yale yaliyosimama kama pembe, yalibaki kama kivuli tu. Juu ya kichwa, kwenye ukingo, palikuwa na alama ya lehemu: zamani sarafu hii ilitiwa kipete, ikavaliwa shingoni. Na juu ya uso wake wote ilionekana mikwaruzo myembamba, maelfu, mingi ikielekea upande mmoja.

« Uliiosha? » tukamwuliza kijana.

« Ndiyo, Mwalimu. Kwa dawa ya meno na mswaki, ipendeze katika picha. »

Mama akasema upesi: « Si yeye peke yake. Mama mkwe wangu aliisugua kwa majivu kila Noeli. Hata mimi nimeisugua. »

Msomaji asiwacheke, maana sisi wenyewe tulifanya hivyo. Tulipokuwa katika seminari ndogo, padri mmoja mzee alitupa sarafu ya Kongo ya zamani, franka 50 ya mwaka wa 1944, yenye picha ya ndovu. Ilikuwa nyeusi-nyeusi, yenye rangi ya buluu ukingoni. Tukaichukua mtoni, tukaisugua kwa mchanga na ndimu hata ikang'aa kama kifuniko cha sufuria, kisha tukamwonyesha padri kwa majivuno. Alinyamaza kidogo, akasema: « Nilikupa ndovu, nawe umemchuna ngozi. » Hatukumwelewa siku ile. Tulimwelewa miaka mingi baadaye.

Sababu yake ni hii. Sarafu ikipigwa na mashine, madini husukumwa kwa nguvu na kutandaa, na mitandao yake midogo mno hurudisha mwanga kwa namna ya pekee. Huo ndio mng'ao wa asili. Ukisugua waiondoa mitandao hiyo, wala hakuna fundi duniani anayeweza kuirudisha. Mng'ao wa dawa ya meno ni mng'ao wa mikwaruzo. Weusi nao si uchafu: ni feza iliyoungana na kiberiti kilicho katika hewa na moshi wa jikoni. Huwa kama ngozi juu ya sarafu, na wapenda sarafu huipenda ngozi hiyo, kwani huwaambia kwamba mkono wa mtu haukuivuruga. Basi, ee msomaji, kama utasahau mengine yote ya ukurasa huu, shika neno hili moja: usisugue sarafu ya kale. Usitumie majivu, wala ndimu, wala dawa ya meno, wala kitambaa kikavu.

Hesabu

Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo tulimwomba binti achukue daftari lake, aandike, maana hesabu ya jambo hili si ya kufanywa kichwani mwa mtu mwenye tamaa, wala mwa mtu mwenye hofu.

Neno la kwanza: thamani ya madini yenyewe. Gramu 11.4 zenye sehemu 917 kwa 1,000 ni gramu 10.4 hivi za feza safi. Duniani feza huuzwa kwa wakia ya gramu 31.1, basi rupia hii ina theluthi moja ya wakia. Bei ya wakia hubadilika kila siku, na kila mtu aitafute bei ya siku yake. Tuseme kwa mfano ni dola 50: theluthi yake ni dola 17 hivi.

Neno la pili: mpenda sarafu atalipa kiasi gani kwa sarafu hii jinsi ilivyo? Rupia za kawaida hupatikana bado kwa wingi, na hii imelika, imelehemiwa, imesuguliwa. Atatoa kitu kidogo juu ya bei ya madini. Labda hata hicho hatatoa.

Neno la tatu: gharama. Malipo ya mabingwa kwa sarafu moja huwa makumi ya dola. Ongeza kuituma kwa njia ya salama, ongeza bima, ongeza kurudishiwa, ongeza ushuru wa forodha kama ukidaiwa. Kijana aliandika dola 160, nasi hatukuona kwamba amezidisha.

Neno la nne: ikirudi itakuwa na bei gani? Itarudi imeandikwa kwamba ni ya kweli lakini imeharibiwa. Mnunuzi atalipa kama alivyotaka kulipa kwanza. Basi jamaa ingaliweka dola 160 ili iuze kitu cha dola 20. Binti alipiga mstari chini ya hesabu, akaweka kalamu. Hakuna aliyesema neno.

Kijana akauliza: « Na ile niliyoiona katika simu? » Ni swali zuri, nasi twalijibu kwa faida ya wote. Kwanza, bei iliyoandikwa na mwenye kuuza ni bei ya matumaini. Tafuta bei ambazo watu wamekwisha kulipa katika minada iliyopita. Nyingi husomeka bure katika intaneti. Pili, tazama namba ya kasha. Alipoitafuta tena picha ile, tukaona namba zaidi ya 60. Sarafu ile na hii ni mapacha kwa kuzaliwa, si kwa maisha. Ile ililala sandukuni tangu siku ya kwanza. Hii ilivaliwa, ilishikwa, ilisuguliwa na kupendwa. Soko humlipa aliyelala.

Je, ziko sarafu za kupelekwa?

Msifikiri kwamba twawakataza wote. Ziko sarafu ambazo ni busara kuzipeleka, nasi twazitaja kwa namna tatu.

Namna ya kwanza ni sarafu ambayo haikutumika, ao ilitumika kidogo sana, ina mng'ao wake wa asili, na haijaguswa kwa dawa. Kati ya daraja la 58 na la 64 bei yaweza kuruka, na jicho la mtu wa kawaida haliwezi kuzitofautisha vema. Hapo neno la bingwa lina kazi.

Namna ya pili ni sarafu iliyo adimu kwa asili yake. Wadachi walitoa pia sarafu ya rupia 2, yenye uzito wa gramu 23.3, nayo ni ya miaka 1893 na 1894 tu. Huku kwetu, dola ile huru ya mfalme Leopold wa Pili ilitoa franka 5 za feza, za gramu 25, zenye miaka kama 1887, 1891, 1894 na 1896. Mwenye sarafu ya namna hizo iliyo nzuri, asiyeisugua, asiiuze kwa mpita njia. Atafute shauri kwanza.

Namna ya tatu ni sarafu ya bei kubwa ambayo wanunuzi waitilia shaka. Kila kitu chenye bei huigwa. Hata makasha ya mabingwa yamekwisha kuigwa. Kwa hiyo anayenunua sarafu iliyomo ndani ya kasha na aitafute namba yake katika orodha ya kampuni yenyewe kabla hajalipa.

Walakini umri peke yake si adimu, wala mwaka ulioandikwa si ushahidi daima. Iko sarafu kubwa ya feza yenye sura ya malkia Maria Theresa wa Austria, iliyopendwa sana Uhabeshi, Uarabuni na pwani ya Afrika ya Mashariki. Karibu yote imeandikwa mwaka wa 1780, ndio mwaka aliokufa malkia huyo. Lakini wafanyabiashara hawakutaka sura nyingine, basi ikaendelea kuchapwa na mwaka huohuo, hata Paris, London na Bruxelles katika karne ya 20. Vivyo hivyo ile franka 50 ya ndovu: ina gramu 17.5, nusu ya madini yake ndiyo feza, na zilichapwa milioni moja. Iliyolika ni ukumbusho mzuri. Si mali ya kulipiwa bingwa.

Basi kanuni ni hii. Andika bei ya sarafu jinsi ilivyo leo. Andika bei ambayo yaelekea itapata ikiwa na namba, si ile unayoiota usiku. Ondoa ya kwanza katika ya pili. Kinachobaki lazima kizidi gharama zote, tena kwa mbali, kwani bingwa aweza kuipa daraja la chini kuliko ulivyotumaini. Kisha jiulize swali la mwisho, ambalo hakuna kampuni itakayokuuliza: gharama hizi zikipotea zote, ni nani nyumbani mwangu atakayekosa kitu? Ikiwa jibu ni mtoto, dawa, ao shamba, usipeleke, hata kama sarafu ni nzuri. Wahenga walikwisha kutuonya: Usiache mbachao kwa msala upitao.

Kabla ya kutumia hata franka moja, piga picha safi za pande zote mbili, katika mwanga wa mchana, uwaulize watu wawili ao watatu wanaojua sarafu, wasiojuana wao kwa wao. Akikuambia mmoja kwamba ni bure kabisa, na papo hapo ataka kuichukua, ujihadhari naye.

Mwisho wa jambo lao

Kijana alikaa kimya muda mrefu. Halafu akasema: « Basi mimi nilitaka kuwapotezea wadogo zangu feza yao. » Tulimjibu kwamba sivyo. Alitaka kuwapatia, na nia yake ilikuwa ya mtoto wa kwanza anayejua wajibu wake. Kosa lake lilikuwa kupanga mavuno kabla ya kulitazama shamba, na kosa hilo hurekebishwa upesi likionekana mapema. Alimgeukia dada yake, akamwambia: « Jumatatu tutakwenda kulipa mtihani. » Hakusema zaidi, wala hakukuwa na haja.

Kisha akauliza kama yafaa kuiuza kwa dola 17. Mama akatikisa kichwa. Hapo tukamwuliza ajua nini juu ya babu huyo, naye akaeleza mambo ambayo watoto wake hawakuyajua. Wao walisikia kwamba babu alikuwa askari shujaa. Mama akasema hakuwa askari, alikuwa mpagazi. Alibeba mizigo mpaka Tabora. Walikwenda watatu wa kijiji kimoja, akarudi yeye peke yake. Kila alipoitoa rupia ile aliwataja wenzake wawili kwa majina, kisha akairudisha. Mume wake alimfundisha majina hayo, naye bado anayakumbuka.

Binti alikuwa angali ana daftari mbele yake. Akageuza ukurasa, akaandika: jina la babu, majina ya wenzake, kijiji, mwaka, Tabora, na jina la kila aliyeitunza sarafu mpaka leo. Chini yake akaandika uzito, mwaka na herufi ya sarafu, na neno « imesuguliwa ». Kijana alisoma yote mara mbili. Alimwomba dada yake amnakilie ukurasa mwingine, aupeleke mjini kwa watoto wake.

Twawashauri wazazi wote wafanye kama binti huyu. Sarafu isiyo na habari yake huwa kipande cha madini mara tu mzee mmoja akifa. Iandikeni. Kisha iwekeni katika bahasha ya karatasi safi na kavu, kila moja peke yake, mbali na moshi na unyevu. Msitumie mifuko laini ya plastiki, kwani mingine huila sarafu polepole. Mkiishika, ishikeni kwa ukingo.

Wengi watataka sasa kutuuliza juu ya sarafu zao. Tuandikieni, nasi tutajibu kadiri tunavyojua. Lakini tafadhali, msitutumie sarafu ndani ya barua. Tumeni uzito, mwaka, herufi mnazoziona, na picha. Tena mtuambie ukweli kama mmeisugua. Hatutawagombeza, kwa maana ndovu wetu bado yuko kwenye meza yetu, anang'aa kama kifuniko cha sufuria.